Fidla, Litungu na Sauti Nne: Tuchanganye Bila Kupotezana

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Dhahabu

 

Naomba niende moja kwa moja kwenye kazi niliyopewa. Kamati ya Jubilei ilinitaka nizungumzie jambo ambalo limejaa katika kumbukumbu za mikutano yetu kwa karibu mwaka mzima. Jambo lenyewe ni kuchanganya muziki wa klasiki na ala za okestra, kwa upande mmoja, na uimbaji wa kisasa ambao vijana wetu wanausikia redioni na kwenye simu, kwa upande mwingine.

Hii si mada ya kupitisha wakati tukingoja chakula. Baada ya sherehe hii kamati itakaa na kuamua sadaka ya Jubilei itumike vipi. Wako wanaotaka spika mpya na kinanda kikubwa chenye midundo ndani yake. Wako wanaotaka fidla. Na wako wazee wanaosema hatuhitaji chochote, kwa kuwa kwaya hii imeimba miaka hamsini kwa midomo na ngoma, na hakuna Misa iliyoharibika.

Makundi yote matatu yana hoja. Vijana wakisema nyimbo zetu zimekuwa nzito, tuwasikilize, maana daftari la mahudhurio liko mikononi mwangu na ninayaona majina yanavyopungua. Wazee wakisema kinanda kinameza sauti, nao tuwasikilize. Jumamosi nyingi besi wanaofika mazoezini ni wanne. Ukiwauliza waliobaki nyumbani, watakuambia kwamba mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unafanya kazi yao. Mwanakwaya akishaona kazi yake inafanywa na mashine, haji tena. Kwa hiyo swali letu si kama tuchanganye au tusichanganye. Swali ni je, tukichanganya, nani atabaki na kazi?

Okestra ni nini?

Neno hili limetuletea mabishano mengi, basi tuanze nalo. Kwa wazazi wetu okestra ilikuwa bendi ya magitaa. Orchestra Super Mazembe ya hapa Kenya na Orchestra Maquis ya Dar es Salaam, zote zenye asili ya Kongo, zilijiita okestra, na watu walicheza dansi mpaka asubuhi. Ndiyo sababu mzee akisikia tunataka okestra kanisani, anatushangaa.

Huko Ulaya neno hilo lina maana ya kundi lenye familia nne za ala. Kuna za nyuzi zinazopigwa kwa upinde. Kuna za kupuliza za mbao, kama klarineti. Kuna za kupuliza za shaba, kama tarumbeta. Mwisho kuna ngoma na ndugu zake. Familia ya nyuzi ndiyo inayobeba wenzake, na ndani yake mna fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola na chelo. Sasa angalieni vizuri. Fidla ya kwanza inashika njia ya soprano, fidla ya pili alto, viola tenori, na chelo besi. Ni sauti zetu nne zilizotiwa kwenye mbao na nyuzi. Mwanakwaya anayeweza kushika alto yake bila kuvutwa na soprano aliyekaa ubavuni mwake, tayari anajua sehemu kubwa ya kazi ya okestra, ambayo ni kusimama kwenye njia yako huku ukimsikiliza jirani.

Wala upinde si mgeni kwetu. Wazee wetu wa Kibukusu wana siilili, ambayo hulia kwa kusuguliwa na upinde, na wana litungu la kupigwa kwa vidole. Mtoto wa Kabuchai akiona fidla kwa mara ya kwanza, anaona binamu wa kitu alichokiona harusini.

Kuchanganya hakukuanza na vijana wetu

Wengine wanadhani kuchanganya ni ugonjwa wa kizazi cha simu. Historia ya Kanisa inatuambia vingine. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pius wa 10 alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Katika waraka huo alikataza ngoma kanisani. Lakini alikataza piano pia! Ala ambayo leo tunaiona ya heshima kabisa iliwekwa kundi moja na ngoma, kwa sababu watu wa wakati ule waliijua kama ala ya starehe.

Miaka sitini baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya Liturjia. Hati hiyo iliendelea kuupa heshima ya kwanza ule ogani wa mabomba, lakini ikafungua mlango kwa ala nyingine, kwa idhini ya viongozi wa Kanisa wa mahali husika, mradi zifae kwa ibada na ziwasaidie waamini. Iliagiza pia kwamba mila za muziki za mataifa yanayoinjilishwa zipewe uzito wake. Siku nane baada ya hati hiyo, Kenya ilipata Uhuru. Ngoma zetu za kanisani na bendera yetu ni rika moja.

Na wimbo wetu wa taifa? Mwaka ule ule wa 1963 watu watano walipewa kazi ya kuutayarisha: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza tuni kutoka London. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, wakaupangia sauti kwa taratibu za muziki wa Ulaya ili uimbwe na kwaya na upigwe na bendi. Kila tunaposimama wima kuuimba, tunaimba mchanganyiko. Lakini mama wa Kipokomo akiusikia, bado anaitambua tuni yake. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotaka tukishike: baada ya kuchanganya, mwenye wimbo autambue wimbo wake.

Kabla ya hapo, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na waimbaji wake huko Kamina, Katanga, walitoa Missa Luba. Maneno ni yale ya Kilatini ya Misa, lakini mwendo, maitikio na ngoma ni vya Kikongo. Dunia nzima iliisikiliza, na mwaka 1990 kwaya ya Kenya, Muungano, chini ya Boniface Mganga, ikatoa kanda yake ya Misa hiyo hiyo. Nao wengi wetu tuliopita katika Tamasha la Muziki shuleni tumeimba nyimbo za Kiluhya zilizopangwa kwa sauti nne na marehemu Profesa Arthur Kemoli. Wakati ule hakuna aliyetuambia tumepotea.

Fidla ndani ya wimbo wa redio

Sasa nigeukie upande wa vijana. Mnaposema mnapenda nyimbo za kisasa na si hizi za kizamani, mjue kwamba za kisasa nyingi zimesimama juu ya msingi wa zile za kizamani.

Kulikuwa na mpiga ogani wa Ujerumani aliyeitwa Johann Pachelbel, aliyefariki mwaka 1706. Aliandika kipande cha fidla tatu kinachoitwa Kanoni. Chini ya fidla hizo kuna besi yenye noti nane tu, inayorudi na kurudi: doh, soh, lah, mi, fah, doh, fah, soh. Basi hiyo. Wapiga fidla wanaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia tuni ile ile ya aliyemtangulia, nayo besi haiondoki. Noti hizo nane zimebeba nyimbo nyingi za redio. Mwaka 2019 kundi la Marekani liitwalo Maroon 5 lilitoa wimbo wa Memories juu ya msingi huo huo, na vijana wetu waliuimba bila kujua kwamba wanaimba na mzee wa miaka mia tatu.

Mfano mwingine ni Yesterday ya Beatles, ya mwaka 1965. Mwimbaji ni mmoja na gitaa ni moja. Mtayarishaji wao, George Martin, aliyesomea muziki wa klasiki, akaongeza fidla mbili, viola na chelo. Watu wanne, si sitini. Hakuna ngoma hata moja. Ala hizo nne hazishindani na mwimbaji. Zinaingia baada ya yeye kutangulia, zinajaza pale anapovuta pumzi, na zinajibana pale anaposema maneno.

Wimbo wa kisasa unaimbwa karibu na maikrofoni, kwa sauti ya mazungumzo, na maneno ndiyo mali yake. Wimbo wa klasiki umeandikwa kwa sauti inayofika mlango wa nyuma bila umeme. Ukiviweka pamoja bila mpango, kimoja kinakifukia kingine. Watu husema hapo kwamba mchanganyiko haufai, kumbe hakuna aliyewapangia zamu.

Mafunzo mawili: Zanzibar na Kinshasa

Mtauliza kama yamewezekana kwa watu kama sisi. Nitatoa mifano miwili, mmoja wa tahadhari na mmoja wa matumaini.

Pwani yetu ya Waswahili imekuwa na okestra yake tangu zamani. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na baadaye vyama vingine. Fidla nyingi, udi, ganuni, akodioni na besi, na mbele yao mwimbaji anayesema ya mapenzi na ya dunia kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Hiyo ni okestra pamoja na wimbo unaopendwa na watu, na ilifanyika hapa Afrika Mashariki.

Kisha katika miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa na vinanda vya umeme. Kinanda kimoja kikaweza kutoa mlio wa fidla zote. Vikundi vikawa vyepesi kusafiri, vikapata wasikilizaji wapya, na hilo si baya. Lakini safu nzima ya fidla ikajikuta haina kiti, na ganuni ikawa ala ya wachache. Mwaka 2002 ikabidi kifunguliwe chuo pale Mji Mkongwe, Dhow Countries Music Academy, ili vijana wafundishwe upya ala ambazo babu zao walijifunza kwa kukaa tu karibu na wapigaji. Jambo lililokuwa la bure limegeuka kuwa la kulipia karo. Ndugu zangu, tukikiachia kinanda kazi ya besi leo, tutakuja kuwatafuta besi kwa tochi.

Mfano wa matumaini unatoka Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ndani ya Kanisa la Kimbangu. Yeye mwenyewe alikuwa rubani kwa taaluma. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo walibadilishana: huyu anajifunza, yule anangoja. Uzi ukikatika na dukani hakuna, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Wengine walitengeneza ala zao wenyewe. Filamu iliyotolewa mwaka 2010, Kinshasa Symphony, inawaonyesha wakijiandaa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya, baada ya kazi zao za sokoni na za kinyozi, na umeme ukipotea katikati. Kilichowawezesha hakikuwa pesa. Walikuwa na saa za mazoezi zisizovunjwa.

Namna ya kufanya hapa Kabuchai

Nimefundisha darasani miaka kadhaa, na mwalimu huzoea kuteremsha maneno yake ubaoni. Basi nitaje mambo manne ya kazi.

La kwanza, solfa. Tuliurithi utaratibu huu wa doh, re, mi kutoka Uingereza ya karne ya 19, ambako mwalimu Sarah Glover aliubuni na mchungaji John Curwen akaueneza ili watu wa kawaida, wasio na uwezo wa kununua ala, waweze kusoma muziki. Ni elimu ya maskini, na ndiyo iliyolea kwaya hii. Leo vijana wengi wanajifunza wimbo kwa kuusikiliza simuni. Wanapata soprano tu, kwa sababu simu haikutengi na kukupa alto. Asiyesoma sauti yake hataweza kuimba na fidla, maana fidla haimngoji.

La pili, doh yetu. Nyuzi nne za fidla ni G, D, A na E. Anayejifunza hupata wepesi doh ikiwa G, D au A. Sisi tumezoea E flati na A flati. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha doh, lakini fidla haina. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya akipanga wimbo wa fidla za wanaoanza, auteremshe au aupandishe nusu hatua. Soprano hawatadhurika.

La tatu, mdundo. Mdundo wa kinanda haupumui. Kwaya ikivuta pumzi mwishoni mwa mstari, mashine imeshapita. Mpiga ngoma wetu anaangalia mkono wa mwalimu na anasubiri. Mchanganyiko wowote tutakaoufanya, mdundo uwe mikononi mwa mtu.

La nne, zamu. Mwimbaji mmoja akiwa mbele, kwaya ifumbe midomo ivumishe. Fidla zikijibu, mwimbaji anyamaze. Litungu likipewa nafasi yake, kinanda kifungwe. Kunyamaza ni kazi kama kuimba, na kwa kweli ndiyo kazi ngumu zaidi kuwafundisha watu. Tena tukumbuke kwamba Misa si tamasha. Wimbo wa Mtakatifu ni wa waamini wote, na mama aliyeketi benchi la nyuma lazima aweze kuuimba. Mapambo tuyaweke baada ya Komunyo, kwenye harusi na kwenye matamasha.

Ombi langu kwa kamati

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni sauti nne. Hatujakatazwa kutandika msala mzuri juu yake, lakini tukiutupa mbacha, tutakaa vumbini. Kwa hiyo naomba haya matatu yaandikwe.

Mosi, fungu la kwanza la sadaka ya Jubilei liende kwenye darasa la solfa la kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwa watoto na vijana, na wazee wa besi waje kama walimu wasaidizi. Darasa halihitaji umeme, linahitaji ubao, chaki na posho ya mwalimu.

Pili, tutafute ala nne tu, hata zilizotumika: fidla mbili, viola na chelo. Zisinunuliwe mpaka tupate vijana wanne waliomaliza darasa hilo. Ziwe mali ya kwaya na ziandikwe katika daftari langu, atakayeacha kuja arudishe. Na mzee wa litungu aitwe kufundisha, alipwe kama mwalimu anavyolipwa. Tusimkaribishe mtaalamu kwa soda na asante.

Tatu, kinanda tulicho nacho kibaki, lakini besi wakiwepo, mkono wa kushoto upumzike. Spika mpya zingoje. Spika hukuza kilichopo, nasi tuhakikishe kwanza kuna kitu cha kukuza.

Wazee wetu waanzilishi, mlituachia nyimbo mlizonakili kwa mkono usiku kwa taa ya mafuta, sauti nne kila ukurasa. Madaftari hayo ninayo ofisini, nayo yamechakaa. Vijana, nyinyi mna masikio mapya na hamuogopi. Ninapendekeza tuchague wimbo mmoja kutoka madaftari hayo. Sauti nne ziimbwe zilivyoandikwa, kijana mmoja atangulize ubeti kwa mtindo wake, litungu limwitikie, na fidla zetu, zikiwa zimepatikana, zishike njia za sauti. Tuuimbe sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba mwaka ujao. Siku hiyo tutawauliza wazee swali moja tu: je, mmeutambua wimbo wenu? Wakisema ndiyo, tuendelee. Wakisema hapana, turudi mazoezini.

 Besi mlio hapa, mazoezi ni Jumamosi. Viti vyenu vipo.

Mungu aibariki kwaya yetu.